Mwendo wa Mashua Ziwani, na Adhabu ya Mwendeshaji Mzembe

Viazi vikisha kuuzwa na watoto wakisha kufunga shule, jamaa nyingi za skimu za Kinangop na Ol Kalou huteremka Naivasha kwa siku moja ili kutembea na kupumzika. Hula samaki, hutazama ndege na twiga, na mwishowe mtoto mmoja husema, "Baba, twende tukapande mashua." Baba hutoa pesa, watu wanane wanaingia, mashine inanguruma, na safari imeanza. Habari hizi zimeandikwa kwa ajili ya baba huyo, na mama aliyempakata mtoto mchanga, na pia kwa kijana aliyeshika usukani, ambaye huenda ni mtoto wa mmoja wenu.

Wewe mkulima unazijua hatari za shamba lako. Wajua kwamba trekta likipelekwa mbio kwenye mteremko litapinduka, tena wajua kwamba mtu mwenye koti refu hafai kusimama karibu na mhimili wa mashine unaozunguka. Mambo hayo huhitaji kufundishwa. Lakini ziwani wewe ni mgeni. Maji ya mito ya Malewa na Gilgil hutoka huku juu Nyandarua, na mengine yamepita karibu na boma lako. Yakisha kufika bondeni na kukusanyika huwa kitu kingine kabisa, na ni afadhali uzijue tabia zake kabla ya kulipa nauli.

MASHUA HAINA BREKI

Jambo la kwanza, ambalo mengine yote hulifuata, ni hili: mashua haina breki. Dereva wa motokaa akikanyaga breki, magurudumu hushika barabara na gari husimama. Maji hayashikiki. Mwendeshaji akiona kitu mbele na kuzima mashine, mashua huendelea kuteleza kwa uzito wake, na tena wakati huo usukani wake huwa dhaifu, kwa sababu mashine ya kubandikwa nyuma hugeuza mashua kwa nguvu ya kusukuma maji. Ikiwa haisukumi, haigeuzi vizuri.

Sasa fanya hesabu kidogo. Mashua iendayo kilometa 36 kwa saa hupita mita 10 katika kila sekunde moja. Mwendeshaji akigeuka nyuma kuzungumza na abiria, au kuwapiga picha kwa simu, kwa muda wa sekunde 4 tu, mashua imekwenda mita 40 na hakuna aliyekuwa akiangalia mbele. Mwendo ukizidishwa mara mbili, nguvu ya kugonga haizidi mara mbili bali mara nne. Ndiyo maana mashua iliyogusa kisiki kwa mwendo wa pole hukwaruzika rangi, na mashua iliyogonga kisiki hicho hicho kwa mbio hupasuka na kuwatupa watu nje.

Mashua ndogo ikianza kukimbia, sehemu yake ya mbele huinuka juu. Abiria hufurahi sana wakati huo, na picha nyingi hupigwa. Lakini mwendeshaji aliyeketi nyuma hawezi kuona maji yaliyo karibu mbele yake. Anaona milima, anaona mawingu, wala haoni mtumbwi mdogo wa mvuvi.

Na mbele ya mashua katika ziwa la Naivasha mna mambo mengi. Maji ya ziwa yalipopanda sana mwaka 2020 yalifunika malisho, nyua na miti iliyokuwa pwani. Miti mingine ilikufa na bado inaonekana, lakini visiki na nguzo za ua zilizokatika chini ya maji hazionekani. Kuna magugu maji ambayo hujisokota katika mashine na kuizima. Kuna nyavu za wavuvi. Tena kuna viboko. Kiboko dume mkubwa huwa na uzito wa zaidi ya kilo 1,400, yaani kama gunia 16 za mahindi za kilo 90, na aweza kukaa chini ya maji kwa dakika tano hivi bila kuibuka. Mchana hupenda kukaa katika maji machache karibu na pwani, na jioni hutoka kwenda kula majani. Mwendeshaji mwema huvijua vikundi vya viboko mahali vilipo, hupita mbali, na hupita polepole, ili mnyama asikie sauti ya mashine na apate nafasi ya kuondoka. Yule anayekwenda mbio ili kuwasogeza wageni karibu na kiboko mwenye mtoto anafanya upumbavu, hata kama wageni wenyewe ndio waliomwomba.

MAWIMBI YA MTU MMOJA HUMWUMIZA MWINGINE

Uzembe wa majini una jambo ambalo halipo barabarani. Gari likienda mbio huacha vumbi. Mashua ikienda mbio huacha mawimbi, na mawimbi hayo huendelea kusafiri baada ya mashua kwisha kupita. Mvuvi amesimama katika mtumbwi wake akivuta wavu, ukingo wa mtumbwi uko juu ya maji kiasi cha shubiri moja tu. Mashua ya matembezi inampita kwa mbio, abiria wanampungia mikono, naye anabaki akiyumba na maji yanaingia ndani. Kama mtumbwi umejaa samaki, hapo hapo waweza kuzama. Yule aliyesababisha jambo hilo amekwisha kwenda mbali wala hajui alilolifanya.

Kwa hiyo mwendeshaji hatakiwi kuuliza tu, "Je, nitagonga kitu?" Inampasa aangalie na nyuma, aone mawimbi yake yanakwenda wapi. Akikaribia mtumbwi, gati, watu wanaoogelea, au wanawake wanaofua nguo ukingoni, apunguze mwendo mapema, si wakati amekwisha kuwafikia. Mashua ikipunguzwa mwendo kwa ghafula, wimbi lake lenyewe huifikia kutoka nyuma, na mashua iliyojaa watu yaweza kuingiza maji kwa njia hiyo.

MWENDO GANI NI MWENDO WA SALAMA?

Watu wengi hutaka kuambiwa namba moja, kama vile namba zilizoandikwa kwenye vibao vya barabara. Kanuni za mataifa za kuzuia vyombo kugongana baharini, zilizokubaliwa mwaka 1972 na kuanza kutumika mwaka 1977, hazikutoa namba. Zinasema kila chombo kiende wakati wote kwa mwendo wa salama, yaani mwendo ambao kitaweza kuepa na kusimama mahali panapofaa kabla ya kugonga. Zikaeleza mambo ya kufikiriwa: macho yanaona mbali kiasi gani, vyombo vingine ni vingi au vichache, chombo chako huchukua nafasi gani hata kusimama, upepo na mawimbi vikoje, hatari gani ziko karibu, na kina cha maji ni kiasi gani. Kanuni hizo ziliandikwa kwa ajili ya bahari, lakini hakuna hata moja katika mambo hayo ambayo haifai ziwani.

Nchi nyingine zimeongeza namba ili mtu asipate njia ya kubishana. Huko New Zealand, mtu haruhusiwi kuzidi maili 5 za baharini kwa saa, yaani kilometa 9 na kidogo, akiwa karibu kuliko mita 200 na ufuo, au karibu kuliko mita 50 na chombo kingine au mtu aliye ndani ya maji. Mwendo huo ni kama wa mtu anayekimbia pole. Ukitaka kuipima mita 50 kwa macho, kumbuka kwamba ni nusu ya urefu wa uwanja wa mpira.

Habari za ziwa la Windermere katika Uingereza nazo zafaa kujulikana. Ziwa hilo lilikuwa mahali maarufu pa mashua za mbio na za kuvuta watu wanaoteleza juu ya maji. Wenye mitumbwi, wenye tanga na waogeleaji walilalamika kwa miaka mingi kwamba hawana nafasi. Mwaka 2000 sheria ya mwendo ilithibitishwa, lakini wenye mashua za mbio na biashara zao walipewa miaka 5 ya kujitengeneza, na tangu mwaka 2005 hakuna ruhusa kuzidi maili 10 za baharini kwa saa, yaani kama kilometa 18 na nusu. Wako waliosema biashara ya ziwa itakufa. Watu bado wanakwenda Windermere.

Kwa maoni ya mwandishi, mashua ya matembezi iliyobeba watoto haina shughuli ya kwenda mbio kuliko hapo. Umekuja kuona ziwa, na ziwa halionekani vizuri mtu akiwa amefumba macho kwa sababu ya maji yanayomrukia usoni.

NI NANI AMPISHE MWENZAKE

Kuna sheria moja inayowatatiza sana watu wanaojua kuendesha motokaa. Katika barabara za Kenya tunashika kushoto. Majini ni kinyume: mashua mbili za mashine zikikutana uso kwa uso, kila moja hugeuka upande wake wa kulia, zikapishana kushoto kwa kushoto. Kijana aliyekuwa dereva wa pikipiki mwaka jana na mwaka huu amepewa mashua, akishtuka atafuata mazoea ya barabarani, na mbele yake mwenzake anafuata kanuni ya majini, na hapo wote wawili watageukia upande mmoja. Basi ajizoeze mapema.

Njia zao zikikatana, yule anayemwona mwenzake upande wake wa kulia ndiye wa kumpisha. Anayetaka kumpita aliye mbele ndiye wa kujiepusha. Mashua ya mashine huipisha mashua ya tanga, na humpisha mvuvi ambaye nyavu zake zimemzuia kugeuka. Tena mtu asiache kupunguza mwendo kwa sababu tu haki ni yake. Ng'ombe akikutokea barabarani humwulizi kama ana haki ya kupita.

SHERIA INASEMAJE HAPA KENYA

Kuna watu wanaodhani kwamba ziwani hakuna polisi na kwa hiyo hakuna sheria. Hilo si kweli. Sheria ya vyombo vya majini ya mwaka 2009 inahusu pia vyombo vidogo, na ofisi inayoisimamia ni Kenya Maritime Authority. Ofisi hiyo ndiyo inayokagua mashua na kutoa leseni. Tangu mwaka 2018 kuna pia walinzi wa Kenya Coast Guard Service, ambao kazi yao ni baharini na katika maziwa.

Zaidi ya hayo, sheria ya adhabu ya nchi yetu ina maneno ambayo kila mwenye mashua angefaa kuyajua. Mtu anayeendesha chombo cha majini kwa pupa au kwa uzembe, hata akahatarisha maisha ya watu, ana hatia. Soma maneno hayo tena. Hayasemi kwamba lazima mtu afe, wala kwamba lazima mashua izame. Kuhatarisha kwatosha. Kadhalika, mtu anayewachukua watu kwa malipo katika chombo kibovu au kilichojazwa kupita kiasi, akijua au kwa kutojali, ana hatia, na sheria inamtaja anayewachukua pamoja na anayesababisha wachukuliwe. Kwa hiyo mwenye mashua aliyekaa nyumbani Kinangop akimpigia simu kijana wake, "Jaza, leo ni Krismasi," asifikiri kwamba kesi itakuwa ya kijana peke yake.

Adhabu ya makosa ya namna hiyo, kama haikutajwa nyingine, ni kifungo kisichozidi miaka 2, au faini, au vyote viwili. Na ikiwa mtu amekufa kwa sababu ya uzembe mkubwa, jambo linaweza kuwa mashtaka ya kuua bila kukusudia, ambayo adhabu yake yaweza kufika kifungo cha maisha.

Nchi nyingine hutenga kosa la mtu asiyeangalia na kosa la mtu anayefanya makusudi. Katika jimbo la Florida, Marekani, ambako mashua za matembezi ni nyingi mno, asiyekuwa mwangalifu hutozwa faini na mambo yakaisha. Lakini anayeendesha kwa makusudi bila kujali maisha ya watu hushtakiwa kama mhalifu, na aweza kufungwa au kutozwa faini. Tofauti hiyo ni ya haki. Yeyote aweza kukosea mara moja. Lakini kijana anayeizungusha mashua kwa nguvu ili wasichana wapige kelele hakukosea, amechagua.

KAMBA NDOGO INAYOZIMA MASHINE

Katika mashine nyingi za kubandikwa nyuma kuna kamba fupi, mara nyingi nyekundu, iliyozungushwa kama waya wa simu ya zamani. Upande mmoja hubanwa kwenye kiwashio cha mashine na upande wa pili hufungwa kwenye mguu au mkono wa mwendeshaji. Akianguka majini, kamba huchomoka na mashine huzimika mara moja. Kifaa ni kidogo sana na hakina gharama kubwa. Hata hivyo utaona kimeachwa kikining'inia, au kimefungwa kwenye kiti, kwa sababu kinamsumbua mwenyewe anapotaka kusimama.

Mwezi wa Mei mwaka 2013, huko Padstow katika nchi ya Uingereza, jamaa moja ya watu sita walikuwa wakitembea katika mashua yao ya mbio. Walipogeuza kwa nguvu, wote sita walitupwa majini. Kamba haikuwa imefungwa kwa mwendeshaji. Mashua ikabaki haina mtu, mashine ikinguruma, nayo ikaanza kuzunguka mahali pale pale walipokuwa wakielea. Baba na binti yake wa miaka 8 walikufa, na wengine waliumia vibaya. Waliofanya uchunguzi walisema wazi kwamba kama kamba ile ingefungwa, mashine ingezimika.

Kinachoua hapo ni rafadha, yaani lile pangaboi la chuma linalozunguka chini ya maji. Likienda kwa nguvu huzunguka zaidi ya mara 30 kwa sekunde moja. Kwa sababu hiyo mtu akianguka, mwendeshaji asirudi kinyumenyume kumfuata. Aiondoe nyuma ya mashua kutoka kwa mtu huyo, azunguke, amkaribie polepole, na mashine izimwe kabla hajafika karibu. Kisha atolewe kwa kasia au kwa kamba.

MAJAKETI NI YA KUVALIWA

Mwandishi wa habari hizi amepata kupanda mashua ambayo majaketi yake ya kuokolea maisha yalikuwa yamefungwa pamoja kwa kamba ya katani na kusukumwa chini ya kiti. Yalipoulizwa, jibu lilikuwa, "Yapo, mzee, usiwe na wasiwasi." Kuwapo hakusaidii. Mashua hupinduka katika muda wa kufumba na kufumbua, na mtu aliye ndani ya maji, mwenye koti la baridi la Kinangop lililolowa, hawezi kufungua fundo la katani na kuchagua jaketi limfaalo.

Livae kabla mashua haijaondoka, ufunge kamba zake zote. Mshike mtoto wako kwenye mabega ya jaketi na umwinue kidogo: ikiwa jaketi linapanda hadi masikioni naye anabaki chini, ni kubwa mno, naye akianguka atatoka ndani yake. Omba dogo zaidi. Ikiwa hakuna dogo, mtoto huyo asipande. Mama aliyembeba mtoto mgongoni amfungue na kumpakata mbele, wala asivae jaketi juu ya mtoto. Na kama umekuja na gambuti, zivue ziwe miguuni bila kukubana. Gambuti iliyojaa maji haivuliki kwa urahisi.

Mtashangaa kuona kwamba mtu anayejua kuogelea naye anaambiwa avae. Mtu aliyegongwa kichwani hajui kuogelea.

KUJAZA MASHUA, NA UPEPO WA ALASIRI

Tarehe 24 Novemba mwaka 2018, katika ziwa Victoria upande wa Uganda, karibu na pwani ya wilaya ya Mukono, mashua iliyowachukua watu kwenda kustarehe, yenye muziki na vinywaji, ilizama jioni. Watu zaidi ya 30 walikufa. Polisi wa Uganda walisema ilikuwa imebeba watu wengi kupita kiasi na haikuwa na leseni. Watu hao hawakuwa wavuvi waliolazimika kusafiri usiku kutafuta chakula. Walikuwa wamekwenda kufurahi siku ya Jumamosi, kama unavyokwenda wewe.

Uzito huifanya mashua ikae chini majini, na kila inchi inayopotea kwenye ukingo ni inchi ambayo wimbi halihitaji tena kuipanda. Lakini kilicho kibaya zaidi ni uzito unaohama. Mtu akisimama, uzito wake hupanda juu. Watu kumi wakikimbilia upande mmoja kutazama kiboko au ndege, mashua huinama upande huo, na wengine huteleza kuwafuata. Kaeni mahali mlipoketishwa. Anayetaka kuona vizuri amwambie mwendeshaji ageuze mashua.

Wenyeji wa Naivasha wanajua kwamba asubuhi ziwa huwa limetulia na kwamba upepo mara nyingi huja baada ya saa sita mchana. Ziwa hilo si la kina kirefu, na katika maji machache upepo hufanya mawimbi mafupi yenye kusimama wima, ambayo ni mabaya kwa mashua ndogo kuliko mawimbi marefu. Basi kama umetoka nyumbani ili upande mashua, panda asubuhi na chakula kifuate. Wengi hufanya kinyume: hula kwanza, hunywa, kisha hupanda saa kumi, wakati upepo umekwisha kuamka na mwendeshaji anaharakisha ili apate safari nyingine moja kabla ya giza. Viboko nao wanajitayarisha kutoka.

Juu ya pombe, hatutasema mengi. Jua, kuyumba na mngurumo wa mashine humchosha mwendeshaji hata akiwa hakunywa. Ukinusa pombe kwake, shuka.

NENO LA ABIRIA LINA NGUVU

Wakulima wengi ni watu wa adabu, nao huona haya kumkosoa mtu katika kazi yake. Hata hivyo mwendeshaji wa mashua ya matembezi hukimbia kwa sababu anafikiri wewe ndiye unayetaka. Vijana wengi wamesema hivyo wenyewe: abiria wasiporushwa rushwa husema hawakupata thamani ya pesa zao. Kwa hiyo kabla hamjaondoka, mwambie kwa sauti ya wote kusikia, "Kijana wangu, hatuna haraka. Twende pole, na utuambie mashua hii hubeba watu wangapi." Tazama namba na leseni yake. Tazama kama ile kamba imefungwa mguuni pake, na kama kuna kasia na kopo la kuchotea maji. Akikasirika kwa maswali hayo, mashua nyingine ziko.

Wale walioungana kununua mashua ya kukodisha, kama vikundi vingine vilivyofanya, wasimlipe kijana kwa kuhesabu safari tu. Ukimlipa kwa safari, umemnunulia haraka. Mpe mshahara wa siku, na idadi ya watu iandikwe kwa rangi ubavuni mwa mashua, ambapo kila abiria ataisoma.

Na kama mashua imepinduka, ishikeni. Mashua nyingi za mbao na za plastiki ngumu huendelea kuelea hata zikijaa maji, na kitu kikubwa huonekana na waokoaji kwa urahisi kuliko kichwa cha mtu mmoja. Pwani huonekana kuwa karibu kuliko ilivyo, na watu hodari wamezama wakijaribu kuiogelea. Watoto wawekwe katikati, juu ya mashua ikiwezekana, na mtu mmoja awe akihesabu majina.

Ukiona mwendeshaji anayewapita wavuvi kwa mbio au anayejaza watu, usibishane naye majini. Andika namba ya mashua, mahali, siku na saa, kisha upeleke habari kwa polisi, au kwa kamati ya ufuo inayowasimamia wavuvi, au kwa ofisi ya Kenya Maritime Authority. Habari isiyo na namba ya mashua haisaidii sana, maana mashua nyingi zimepakwa rangi moja.